Nani Aliyeliona Fuvu? Maoni Kuhusu Kufundisha Habari za Ugunduzi

Mwalimu akiuliza darasani, "Nani aligundua fuvu la Zinjanthropus?" mara nyingi hujibiwa kwa sauti moja, "Dakta Leakey." Mwalimu hutia alama ya vema na somo huendelea. Kwa maoni yetu jibu hilo halitoshi, na swali lenyewe halina budi kuulizwa upya.

Tarehe 17 Julai 1959, huko Olduvai, Louis Leakey alikuwa amelala kambini, mgonjwa. Mkewe, Mary, ndiye aliyetoka kwenda kukagua mteremko, akaona mfupa na meno yametokeza udongoni. Mwezi uliofuata habari za fuvu hilo zilichapishwa katika jarida la Nature kwa jina la Louis peke yake. Ni kweli kwamba mwaka 1962 wote wawili walipewa nishani moja huko Marekani. Hata hivyo, jina "Dakta Leakey" lilipoingia madarasani, mwanafunzi alimwona mwanamume mmoja tu.

Bibi Mary hakuwa amesomea shahada ya chuo kikuu. Alianza kwa kuchora zana za mawe, na mwaka 1951 alinakili michoro ya kale ya Kondoa. Kuona, kuchora na kupima ndiyo iliyokuwa elimu yake. Mwaka 1978, huko Laetoli, kikundi alichokiongoza kilifukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.6 iliyopita.

Somo hili lafaa sana kwa shule za Kibiti na delta ya Rufiji. Watoto wa Nyamisati na Salale huona nyayo matopeni kila maji yanapokupwa. Mwalimu na awatoe nje. Kila kikundi kipime unyayo na urefu wa kila mwenzao, kisha kitafute uhusiano wa vipimo hivyo. Baadaye wapewe nyayo za mtu wasiyemwona, wakadirie urefu wake. Shule iliyo mbali na maji yaweza kutumia sanduku la udongo uliolowekwa. Hapo wanafunzi watafahamu jinsi nyayo za Laetoli zinavyoweza kueleza habari za waliozikanyaga.

Lakini twaomba jambo moja lisisahauliwe. Katika kazi za vikundi tumezoea kuona wasichana wakipima na kuandika, kisha mvulana akasimama kusoma matokeo na kupokea pongezi. Hivyo ndivyo kosa la mwaka 1959 linavyorudiwa mbele ya macho yetu. Basi kila kipimo kiandikwe pamoja na jina la aliyekipima, na aliyeona jambo ndiye asimame kulieleza.

Yatupasa pia kuwazoesha wanachuo, kabla hawajaenda kwenye mazoezi ya kufundisha, kuuliza maswali matatu kuhusu kila ugunduzi: Nani aliona? Nani alifanya kazi ya kuchimba, kuchora na kupima? Nani aliandika na kutia jina lake? Wakati mwingine majibu matatu yatakuwa mtu mmoja. Yasipokuwa hivyo, darasa lina haki ya kuyajua yote, na msichana aliyeketi nyuma ana haki zaidi.