Msemaji Asiyesikia: Kipimo cha Watawala wa Waazteki

Waazteki walimwita mtawala wao tlatoani, yaani msemaji. Ni jina linalopaswa kumfikirisha mwanafunzi yeyote wa lugha, kwani linauweka utawala ulimini kabla ya kuuweka upangani. Hata hivyo, wengi wanaosimulia habari za dola hiyo ya Meksiko huwapima watawala wake kwa idadi ya miji waliyoiteka. Kwa kipimo hicho Ahuitzotl (1486-1502) ni shujaa, na nduguye Tizoc, aliyemtangulia kwa miaka mitano tu, ni mwoga asiyefaa kitu.

Wenyeji walikuwa na kipimo kingine. Mtawa Bernardino de Sahagún, aliyekusanya maarifa ya wazee wa Kinahua katika karne ya 16, aliacha vitabu 12 ambamo mtawala mwema na mtawala mbaya wanaelezwa sambamba. Mwema huwabeba watu wake na kuwaunganisha. Mbaya ni hayawani wa mwituni. Ushindi vitani hautoshi kumwingiza mtu katika kundi la kwanza. (Walioshindwa na kutolewa kafara wakati wa kuzinduliwa kwa hekalu kuu mnamo 1487 hawakuombwa maoni yao, na hilo nalo lisisahauliwe.)

Chukua mfano wa Moctezuma wa Kwanza. Njaa ya miaka ya 1450-1454 ilipoikumba Tenochtitlan, alifungua maghala ya dola. Yalipokauka na watu wakaanza kuwauza wana wao kwa mahindi, inasimuliwa kwamba mtawala huyo aliweka bei ambayo chini yake mtoto asiuzwe. Ni huruma ya kutisha, lakini ni huruma ya mtu aliyekiri kushindwa kwake mbele ya raia.

Moctezuma wa Pili ni kesi ngumu zaidi. Masimulizi mengi ya woga wake yaliandikwa baada ya mji kuanguka mwaka 1521, wakati walionusurika walipohitaji wa kumlaumu. Hakimu mwadilifu hawezi kumtia hatiani kwa ushahidi wa aina hiyo pekee.

Kesi ya Ahuitzotl ni nyepesi. Alipotaka kuleta mjini maji ya chemchemi za Coyoacan, mtawala wa huko, Tzutzumatzin, alimwonya kwamba maji hayo hayatabiriki na yangeweza kuugharikisha mji. Ahuitzotl aliamuru auawe. Waswahili husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Safari hii mkuu ndiye aliyekataa kusikia, na walioumia ni raia. Mfereji ukajengwa, maji yakaja kwa shangwe, kisha yakafurika hadi nyumba zikabomoka na watu wakauhama mji. Hapo ndipo msemaji huyo alipomwendea Nezahualpilli wa Texcoco kuomba shauri, akaambiwa azibe chemchemi.