Paa la Shule na Daftari Lake

Shule mpya ikifunguliwa wakubwa huja, utepe hukatwa, ngoma hupigwa na watoto huimba. Hatujapata kuona watu wakikusanyika kushangilia mfereji wa paa ulioondolewa majani yaliyouziba. Hata hivyo mfereji ule ndio unaokata shauri kama ukuta utasimama miaka 50 au 15 tu. Leo twataka kusema nanyi habari ya kazi hiyo isiyo na ngoma, yaani kuyatunza na kuyatengeneza majengo ambamo watoto wetu hufundishwa.

Tuanzie mbali, katika nchi yenye mali, ili mtu asije akasema kwamba jambo hili ni la maskini peke yao. Huko Uingereza, tarehe 31 Agosti 2023, siku chache kabla ya masomo kuanza, Serikali iliagiza shule zaidi ya 100 zifunge majengo au vyumba vilivyojengwa kwa zege la namna fulani. Zege hilo ni jepesi, limejaa vitundu vya hewa kama mkate uliochachuka. Wajenzi walilitumia tangu miaka ya 1950 hata miaka ya 1990, maana huinuliwa upesi na gharama yake si kubwa; wakalifanya mabamba ya kuezekea mapaa yasiyo na mteremko. Lakini maji yakipenya, vyuma vilivyomo ndani hushikwa na kutu pasipo kuonekana, na bamba laweza kuanguka ghafula bila kutoa dalili. Mwaka 2018, katika jimbo la Kent, paa la shule moja ya msingi lilianguka hivyo. Ilikuwa siku ya Jumamosi, na hapakuwa na mtoto hata mmoja ndani. Tumshukuru Mungu kwa Jumamosi ile, lakini tusimwachie Mungu kazi ya fundi.

Linalotushangaza zaidi ni kwamba Waingereza walikuwa wamekwisha kuzikagua shule zao. Kati ya mwaka 2017 na 2019 wakaguzi walizitembelea shule za umma karibu zote, kama 22,000, wakaandika hali ya mapaa, kuta, madirisha, umeme na mabomba. Ni kazi kubwa, yastahili sifa. Nchi zenye daftari la namna hiyo si nyingi. Ila wakaguzi wale walitumwa kuandika yale yanayoonekana kwa macho. Hawakutumwa kufungua dari wala kutoboa zege. Basi lililofichika juu ya dari likabaki limefichika. Ndipo mwaka 2022 wizara ikawapelekea wenye shule karatasi ya maswali: Je, mnalo zege hili? Na mtu atajibuje swali hilo, ikiwa waliojenga wamestaafu na michoro haikuwekwa? Mwanzoni mwa mwaka 2024 hesabu ilikuwa imefika shule na vyuo 234.

Fedha nazo zilipungua, hatukatai. Wakaguzi wa hesabu za Serikali ile walitoa taarifa mwezi wa Juni 2023, kabla ya amri ya kufunga. Walisema kwamba kati ya majengo 64,000 ya shule, 24,000 hivi yalikuwa yamepita umri uliokusudiwa na waliyoyachora. Walisema tena kwamba mwaka 2020 wizara ya elimu ilishauri zitolewe paundi bilioni 5.3 kila mwaka, na hazina ikatoa kadiri ya bilioni 3.1. Lakini hata bilioni kumi haziwezi kulitengeneza paa ambalo hakuna mtu aliyeandika kwamba ni bovu.

Twaitaja Uingereza kwa sababu nyingine pia. Kule ziko shule nyingi za kikatoliki ambazo ardhi na majengo yake ni ya Kanisa, na Serikali hulipa walimu na sehemu kubwa ya gharama ya ujenzi. Shule ya St Leonard's, mjini Durham, ni ya kikatoliki, na zege lile lilienea humo hata ikaamuliwa ijengwe upya. Wanafunzi wake walitawanywa: wengine walisomea nyumbani kwa kompyuta, wengine mahali pa kuazima. Nasi hapa Kongo tunao mkataba wa mwaka 1977, ambao kwao makanisa husimamia shule nyingi na Serikali hulipa walimu. Mkataba kama huo ni mwema, ila una mlango mmoja ambao upepo huingilia: paa likivuja, kila upande humtazama mwenzake. Tena tangu mwaka 2019 masomo ya msingi katika shule za umma yamefanywa kuwa bila malipo. Wazazi wameshukuru, na ni haki yao. Lakini mahali pengi ada ile ndiyo iliyokuwa ikinunua misumari na mabati.

Sasa watu huuliza: Je, nchi zilizoendelea hufanyaje siku hizi? Katika nchi nyingi daftari la karatasi limewekwa kando, na shule hutumia programu ya kompyuta. Mwalimu akiona dari limelowa, huandika kwa simu. Ombi lake hupewa namba, mahali, na cheo cha haraka. Fundi fulani hukabidhiwa kazi, naye akimaliza huandika alichofanya na vitu alivyotumia. Watu husifu upesi wake. Sisi twasifu zaidi kumbukumbu yake. Pampu iliyotengenezwa mara sita katika mwaka mmoja hujulikana, na msimamizi huona kwamba ingekuwa nafuu kununua nyingine. Tena programu hiyo humkumbusha fundi kazi ambazo hazijaombwa na mtu: kusafisha mifereji kabla ya mvua, kupima nyaya za umeme, kukaza parafujo za ngazi.

Ila chombo hiki kina adui mmoja, naye ni kimya cha wakubwa. Mwalimu akiandika mara tatu asijibiwe, mara ya nne haandiki. Huhamisha dawati lake kidogo, huweka ndoo, huendelea na hesabu. Kompyuta ya thamani namna gani haitamfanya aandike tena. Hapo shule inakuwa kipofu, na aliyeitoboa macho ni yule aliyekaa ofisini na barua tatu mezani.

Shule isiyo na umeme yaweza kuanza kwa daftari la franka chache. Piga mistari upate safu tano: tarehe, mahali, kilichoonekana, jina la aliyekiona, jibu na tarehe ya jibu. Likae mahali ambapo kila mwalimu hulifikia, hata mlinzi wa usiku, kwa maana mara nyingi yeye ndiye anayesikia bati likigonga. Mtu mmoja ateuliwe kuwa mwangalizi, apewe ngazi na ufunguo wa dari. Pande za Lubumbashi mvua huanza mwezi wa Oktoba au Novemba. Basi mwezi wa Septemba apande atazame boriti kama mchwa wameingia, na misumari kama imelegea. Wanafunzi wasipandishwe juu ya paa kwa adhabu wala kwa kazi. Kazi yao ni kusema waonapo ufa, na kusikilizwa.

Safu ya tano isiachwe tupu kamwe. Mkuu wa shule asiye na fedha na aandike hivyo hivyo: fedha hakuna, barua imepelekwa kwa msimamizi tarehe fulani, na darasa la tatu limehamishiwa ukumbini tangu leo, mpaka fundi atakapokuja kuitazama ile boriti.