Simu Haivuki Mpaka Peke Yake

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika huko kusini mwa Afrika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwingineko. Mwanachuo wetu mmoja, akiwa katika mazoezi ya kufundisha, aliulizwa sababu na mtoto wa darasa la tano. Akajibu, "Setilaiti imeharibika." Watoto wakaandika.

Hatumlaumu. Sisi wakufunzi ndio tuliomzoeza kufundisha mawasiliano kwa kuorodhesha vyombo: barua, redio, simu, kompyuta. (Orodha hiyo nasi tuliirithi.) Kumbe kiini cha somo ni mapatano. Hapo zamani simu ya maandishi ilipofika mpakani ilisimama, ikaandikwa upya, ikakabidhiwa ng'ambo ya pili. Adha hiyo ndiyo iliyoyakutanisha mataifa 20 mjini Paris, yakatia sahihi mkataba tarehe 17 Mei 1865. Chama kilichozaliwa siku ile, ambacho tangu 1947 ni shirika la Umoja wa Mataifa, ndicho kinachosimamia namba za nchi: 254 Kenya, 255 Tanzania, 256 Uganda.

Somo hili halihitaji umeme. Mwalimu achore mstari wa chaki sakafuni uwe mpaka, na kila upande ubuni kwa siri alama zake za makofi. Kisha upande mmoja upeleke ujumbe: "Mama anakuja kesho." Wa pili watasikia makofi tu. Tulipolijaribu zoezi hili chuoni, wanachuo, watu wazima, walibishana robo saa nani aache alama zake. Ubishi huo usikatizwe, maana ndimo somo lilimo. Ramani itundikwe baadaye, na kamba ipitishwe kutoka Mtunzini, Afrika Kusini, kwa njia ya Maputo, Dar es Salaam na Mombasa hadi Port Sudan.

Wako wenzetu wanaosema kwamba jambo hili ni zito mno kwa shule ya msingi. Hatukubaliani nao. Mtoto anayetumwa kupokea fedha za bibi yake kwa simu ana haki ya kujua kwa nini siku nyingine mtandao haupatikani.

Mwanachuo wetu alirudi darasani juma lililofuata, akawaambia watoto waifute sentensi ile, akatundika ramani. Mtoto yule yule akanyosha mkono: "Mwalimu, waya ukikatika kwao, sisi nasi tunalipa?" Swali hilo halikuwamo katika andalio lake la somo, wala katika mihadhara yetu.