UKIRUDI KUTOKA OMAN, PITA KWIHARA



Ndugu yangu uliyeko Muscat, Sohar, Doha au Dubai, mkataba wako unakaribia kwisha na tiketi ya kurudi umeshaiona kwenye simu. Nazungumza na wewe leo kuhusu siku zako za mapumziko. Mipango yenu naijua: wiki moja kwa mama, kisha Zanzibar kupiga picha ufukweni, kisha fedha zimekatika unamtafuta wakala mwingine.

Kijana mmoja wa hapa kwetu Tabora alinionyesha picha zake za Oman. Yuko juu ya ngome ya Nizwa, yuko soko la Mutrah, kanzu na kofia, mashaallah kapendeza. Nikamuuliza, Kwihara umeshafika? Akacheka: "Sheikh, Kwihara kuna nini?" Huyu kazaliwa Isevya. Kwihara kwake ni safari ya bodaboda.

Kwihara kuna tembe, nyumba ya udongo ya mtindo wa zamani, lililojengwa upya baada ya lile la kwanza kubomoka. Watalii wanakuja kwa sababu ya Livingstone, aliyekaa pale mwaka 1872 miezi kadhaa akisubiri wapagazi. Mimi sikupeleki kwa ajili ya Livingstone. Nakupeleka kwa ajili ya hao wapagazi, maana wao ndio wewe.

Wazee wetu Wanyamwezi walifanya hivi hivi unavyofanya. Mavuno yakishaingia ghalani, kiangazi kimeshika, kijana anajitwisha pembe ya ndovu au mzigo wa tajiri, kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, anatembea mpaka Bagamoyo. Akirudi analeta merikani na kaniki, awahi mvua za kupandia. Wageni wa karne ile waliandika kwamba kijana asiyewahi kufika pwani hakuhesabiwa mwanamume kamili. Ujira ulipatanwa kabla ya kuondoka. Chakula cha njiani kiliitwa posho, na ushuru wa kupita nchi ya mtemi uliitwa hongo. (Neno hili la pili limeharibikia mikononi mwetu, tuliache.) Na tajiri akidhulumu, wapagazi walibwaga mizigo porini wakaondoka zao. Hawakuwa watu wa kuonewa kirahisi.

Kwa hiyo mwongoza wageni akikwambia kila aliyebeba mzigo kwenye njia hii alikuwa mtumwa, mwambie kwa adabu kwamba sivyo. Wengi walikuwa vibarua wenye mshahara.

Lakini njia ile ile walipita wengine ambao hawakupatana ujira na mtu yeyote. Walitekwa Umanyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, vijiji vikavamiwa, wakavushwa mpaka Ujiji, wakaletwa Tabora. Wapo waliobaki hapa hapa, wakilima mashamba ya matajiri na ya Wanyamwezi wenyewe, wakati wenye mashamba wako safarini. Wapo waliopelekwa pwani mpaka Zanzibar, kwenye soko lililofungwa mwaka 1873.

Na wengi katika waliowaleta walikuwa wanaswali.

Hapo ndipo masheikh wengi tunapokohoa na kubadilisha mada. Nimewasikia wanaosema habari zote hizi ni uzushi wa wamisionari. Nimewasikia na wanaosema Uislamu wenyewe ndio dini ya utumwa, uliletwa na Waarabu kwa mjeledi. Wote wawili hawajafika Kwihara wakakaa wakasikiliza. Baba yake Tippu Tip aliishi hapa Tabora na alimuoa binti wa mtemi Fundikira. Biashara ile iliwatajirisha wa pwani na wa bara, mwenye kilemba na asiye na kilemba. Na leo ukiingia misikiti ya Ujiji na Tabora, hao Wamanyema wamejaa safu za mbele. Wajukuu wa waliotekwa ndio wanaotuadhinia. Mtu akisema walilazimishwa, namwomba aje asikilize wanavyosoma Maulidi, halafu aniambie hiyo ni sauti ya kulazimishwa.

Sasa sikiliza mas-ala yenyewe. Katika Hadith al-Qudsi aliyoipokea Imam Bukhari, Mwenyezi Mungu ametaja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mshitaki wao Siku ya Kiyama. Mmoja ni aliyetoa ahadi kwa jina Lake kisha akaivunja. Wa pili ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Wa tatu ni aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake yote, asimlipe ujira wake. Subhanallah, muuza watu na mdhulumu mshahara wamewekwa safu moja! Yule aliyevamia kijiji Umanyema alikuwa anamuuza mtu huru, na kuswali kwake hakumtoi humo. Sasa mimi namtetea wa nini? Dini haikunituma.

Na wewe uliyetoka Ghuba unaijua ya tatu kuliko mimi. Nilikwenda Kwihara na dada mmoja aliyefanya kazi za ndani huko, mwajiri wake kamfungia pasi kabatini na mishahara ya miezi minne hajampa mpaka leo. Tulipoelezwa habari za njia alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza jambo moja tu: hao wa Umanyema, kuna aliyeandika majina yao? Nikakosa la kumjibu. Majina ya matajiri tunayo, ya wazungu tunayo.

Ndiyo maana picha za kuchekea minyororo kule Bagamoyo zinanikera. Unaifunga shingoni, unatoa ulimi, unarusha mtandaoni. Mtume (s.a.w.) alipopita al-Hijr, nchi ya Thamud, akielekea Tabuk, aliwakataza maswahaba kuingia pale ila kwa kulia, akaharakisha mwendo. Pale waliangamia madhalimu. Hapa kwetu walipita waliodhulumiwa, na wewe unacheka?

Nenda basi. Lipa deni kwanza, mpe mama haki yake, kisha kata tiketi ya treni ya reli ya kati. Shuka Tabora, nenda Kwihara, endelea mpaka Ujiji. Ukiwa msafiri una ruhusa ya kupunguza swala, usiifanye ruhusa ya kuiacha. Chukua daftari, waulize wazee wa Kimanyema majina ya bibi zao, uyaandike. Nami niko hapa, nitafute msikitini baada ya alasiri, nitakutafutia bodaboda asiyekupandishia bei.

Wabillahi tawfiq.