Mpiga Picha, Rudi Nyuma Kidogo

Vijana wa Mombasa wanaoishi kwa kupiga picha za harusi na mahafali huniuliza swali moja kwa namna nyingi: wanunue lenzi gani ya kupigia sura za watu? Huniuliza mimi kwa kuwa naandika habari za sanaa, na kwa kuwa nina mvi, wakadhani mvi hujua kila kitu. Jawabu langu huwaudhi. Nawaambia, kwanza nambie utasimama wapi, ndipo nikwambie ununue nini.

Sababu yake ni hesabu nyepesi. Pua ya mtu imetangulia masikio yake kwa kadiri ya sentimita 12. Ukimkaribia kwa kamera hata ikawa sentimita 30 kutoka puani, masikio yatakuwa umbali wa sentimita 42. Basi pua itavimba, masikio yatakimbilia nyuma, na paji la uso litachomoza kama tumbo la mtungi. Rudi nyuma hadi mita moja na nusu, na zile sentimita 12 hazina uzito tena. Kila kiungo kitarejea mahali alipokiweka Muumba wake. Mwaka 2018 watafiti wa upasuaji wa uso huko Marekani waliifanya hesabu hii, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wakija na picha zao za simu kulalamikia pua zao. Wakaona kwamba picha ya sentimita 30 huikuza pua kwa upana wa kama asilimia 30 kuliko ile ya mita moja na nusu. Watu walitaka kukatwa pua kwa kosa la mkono kuwa mfupi!

Kwa hivyo anayeharibu sura si lenzi, ni ukaribu. Kazi ya lenzi ni kukuruhusu usimame mbali na bado uso ujae pichani. Lenzi kuu ya simu huona eneo pana, kama ilivyo lenzi ya milimita 24 au 26 katika kamera ya filamu ya milimita 35, na ukitaka kujaza uso humo sharti uende hadi puani pa mtu. Lenzi ya milimita 85 huona eneo jembamba, nayo itakulazimisha usimame mita moja na nusu na ushei ndipo upate kichwa na mabega. Ile ya milimita 135 itakurudisha mita mbili na nusu. Na mita moja na nusu kwetu ni nini? Ni watu wawili walioketi darini au barazani, huyu upande huu na huyu upande ule, wakizungumza. Ndivyo tujuavyo nyuso za wenzetu. Anayekujia kwa sentimita 30 ni mama yako, mkeo, au kinyozi.

Jambo lenyewe si geni. Daguerre alipoutangazia ulimwengu ufundi wake mwaka 1839, lenzi za wakati ule zilikuwa na giza, na mtu alilazimika kuketi kama sanamu kwa dakika nyingi. Mwaka uliofuata Josef Petzval, mwalimu wa hesabu huko Vienna, alibuni lenzi makhsusi ya sura, akisaidiwa kupiga hesabu na askari wa mizinga, na Voigtländer akaiunda. Na kabla yao wote, katika karne ya 11, Ibn al-Haytham wa Basra alikwisha eleza katika Kitab al-Manadhir jinsi mwanga uendavyo mstari ulionyooka hadi jichoni. Walimu wetu wa chuoni hawakutusomesha hayo, nami huona ni hasara.

Nina sababu ya kulishikilia neno hili. Mwaka juzi nilikabidhiwa picha ya mshairi mmoja mzee aliyefariki, iwekwe juu ya taazia yake. Ilikuwa moja tu, ya simu, aliyoipiga mjukuu akiwa amemwinamia kitandani. Mzee yule nilimjua miaka thelathini. Alikuwa na uso mrefu, mashavu yaliyobonyea kidogo, na masikio yaliyosimama kama ya mtu asikilizaye vina. Pichani alikuwa na pua ya kutisha, na masikio hana. Ikachapwa hivyo hivyo, maana nyingine haikuwapo. Vitukuu watakaozaliwa watamjua babu yao kwa uso ambao hakuwa nao.

Wako wazee ambao hadi leo hawapendi kupigwa picha, kwa sababu za dini wazijuazo wao na wanazuoni wao, sitaingia huko. Nasema tu kwamba mtu aliyekataa miaka sabini, kisha akakubali mara moja ili kumridhisha mjukuu, ana haki ya kupigwa vizuri mara hiyo moja.

Tazameni picha alizozipiga N. V. Parekh katika studio yake hapa Mombasa miaka ya 1950 na 1960, au zile za Omar Said Bakor wa Lamu, bingwa wa kuchanganya picha moja ndani ya nyingine. Watu wamevaa, wamejiandaa, wamepigwa nusu mwili au mwili mzima. Mpiga picha amejitenga nao kwa hatua kadhaa. Bibi akifunuliwa albamu ya zama zile humtambua shoga yake kabla hujamwambia ni nani.

Sasa tuje dukani. Mwenye kamera ambayo kihisi chake cha mwanga ni sawa na filamu ya milimita 35, na anunue 85 ya f/1.8. Zile za f/1.4 na f/1.2 ni nzito na ghali, na mteja hatakulipa zaidi kwa ajili yake. Lakini wengi wa vijana wetu wana kamera za kuanzia zenye kihisi kidogo, na humo lenzi ya milimita 50 hufanya kazi ya milimita 75 au 80. Nayo hiyo 50 ya f/1.8 aghalabu ndiyo rahisi kuliko zote dukani. Asiye na kamera asihuzunike. Arudi nyuma hatua mbili, atumie ile lenzi ya pili ya simu inayovuta mbali kama anayo. Na kama hana, apige hivyo hivyo kutoka mbali kisha aikate picha.

Kuna maradhi mengine nayo ni ukungu. Kijana akipata lenzi ya f/1.4 hulifungua tundu lake lote, akajisifu kwamba nyuma kumeyeyuka kama siagi. Kwa 85 katika umbali nilioutaja, kinachobaki wazi ni kama sentimita 3 tu, basi jicho moja huonekana na la pili likazama. Kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono miezi kadhaa hugeuka wingu. Mlango wa nakshi nyuma ya mzee, ambao ndio kwao, hupotea. Funga tundu hadi f/5.6 upate kama sentimita 12, pua hadi sikio. Simu nayo ina ukungu wake wa kukisia, ukikata ukingo wa kofia na ushungi kama mkasi butu.

Nyumba nazo zina amri yake. Vyumba vya mawe vya Lamu havizidi mita tatu kwa upana, kwa kuwa boriti za mikoko haziwezi kuvuka zaidi, lakini ni virefu. Mweke mzee mwisho wa urefu, mwanga umjie kutoka ule ua wa ndani, na 85 itapata nafasi yake bila taabu.

Mahali ambapo 85 haina kazi ni kwenye kupamba. Huko simu aghalabu huzuiwa, wapiga picha ni wanawake, na ukumbi umejaa hadi mlangoni. Mabinti wafanyao kazi hiyo hunambia hakuna pa kurudi nyuma, basi huchukua 50 au 35, wakapiga bi harusi mwili mzima na jukwaa lake, na uso peke yake wakaupiga mapema, nyumbani, kabla ya wageni kufika.