Posho na Malewa si Makosa

Lipo jambo ambalo napenda tulifikiri pamoja, wanafunzi wa sasa na wale waliokwisha kumaliza. Ni habari ya Kiswahili cha Mbale. Mji wetu ni wa Wagisu, Wateso, Wagwere, Waganda na wengine wengi, na sokoni Kiswahili kimetusaidia kuelewana tangu zamani. Lakini wageni hukicheka, nasi wenyewe tumezoea kukicheka, tukisema ni kibovu. Mimi naona neno hilo ni kweli nusu, na nusu ya pili yatudhuru.

Nianze na ile nusu ya kweli. Wengi wetu husema “chakula yangu” na “kitu ingine”. Hayo ni makosa, wala siyatetei. Kiswahili kina ngeli zake, na Mgisu hana udhuru, kwa kuwa Kigisu nacho kina ngeli vile vile. Nyumbani hazichanganyi, basi asizichanganye na shuleni. Mwalimu akitusahihisha hapo, tumshukuru.

Lakini nimepata kuona insha ya mwanafunzi iliyopigwa mstari mwekundu chini ya neno “posho”, na juu yake pameandikwa “ugali”. Hapo sikubali. Posho ni neno la Kiswahili. Maana yake ni chakula apewacho mfanya kazi au askari kwa kipimo. Katika Uganda kipimo hicho kilikuwa unga wa mahindi, basi jina likahamia kwenye chakula chenyewe. Hilo si kosa, ni historia ya nchi yetu. Mtu wa Mombasa naye chakula hicho hukiita sima, wala hakuna amwambiaye kwamba hajui Kiswahili.

Yafaa tuwatazame hao watu wa Mombasa. Mkutano wa 1928 uliochagua Kiunguja, yaani Kiswahili cha mji wa Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, ulifanyika katika bandari yao wenyewe. Mwaka 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kimvita, lugha ya wenyeji wa Mombasa, kilikosa nafasi hiyo. Je, walikitupa? Hata kidogo. Kitabuni husoma “mchele” na “njia”, na kwa Kimvita chao ni “mtele” na “ndia”. Muyaka bin Haji, aliyetunga kwa Kimvita mwanzoni mwa karne ya 19, angali anahesabiwa miongoni mwa malenga wakubwa wa Kiswahili chote.

Sasa nije kwenye malewa. Hayo ni machipukizi ya mianzi iotayo juu katika misitu ya Mlima Elgon, ambao sisi twauita Masaba. Hukaushwa kwa moshi yapate kukaa siku nyingi, kisha huchemshwa na kuungwa kwa karanga zilizosagwa. Mtu wa Pwani hana neno lake kwa sababu hana kitu chenyewe. Chapati na biriani zilikuja kutoka ng’ambo ya bahari na majina yake, zikapokewa. Kwa nini malewa yakataliwe, nayo yametoka mlimani hapa tu?

Jambo hili si la mchezo. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na watu wengi wakazidi kukihesabu lugha ya askari na ya vitisho. Mwaka 2005 Katiba iliporekebishwa kilifanywa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mtoto akifundishwa kwanza kwamba jina la chakula cha mama yake ni kosa, atajifunza Kiswahili kwa ajili ya mtihani, na akitoka langoni atakiacha hapo hapo.

Najua wako watakaosema, “Kila mji ukileta maneno yake, tutaelewanaje?” Dawa yake ni nyepesi. Mwandishi na alieleze neno lake mara ya kwanza, kama nilivyoeleza malewa hapo juu, kisha aendelee. Kanuni za lugha ni za wote, na lazima zifuatwe na wote; lakini majina ya vitu hutoka kwa wenye vitu.

Basi, ndugu zangu, mkataa kwao mtumwa. Mtakapoandika habari za nyumbani katika gazeti hili, andikeni “malewa yetu matamu”, kila ngeli ikiwa mahali pake, wala msiombe radhi.