Safu ya Mtembezi: Vichochoro vya Brick Lane

Wahenga walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure. Ndiyo maana Jumapili iliyopita sisi wa safu hii tuliacha vitabu mezani, tukapanda treni ya chini ya ardhi na kushukia Aldgate East, mashariki ya London.

Wengi wetu tunaijua Brick Lane kwa migahawa yake ya Kibengali. Safari hii tuliingia mitaa ya pembeni. Kwenye kona ya Fournier Street tulisimama mbele ya jengo lililojengwa mwaka 1743 na Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa. Baadaye likawa kanisa la Wamethodisti, mwaka 1898 likawa sinagogi, na tangu 1976 ni msikiti. Kila waliofika walikuta mlango, wakauingia na dua zao.

Mbele kidogo, Princelet Street, msanii Stik amechora watu wawili wa mistari walioshikana mikono, mmoja amejifunika buibui na nikabu. Hanbury Street kuna korongo mkubwa wa ROA, msanii wa Ubelgiji, anayepanda ukuta mzima. Njaa ilipotuuma tulipanga foleni Beigel Bake, duka la mikate ya Kiyahudi, tukala mkate wa duara uliojaa nyama ya ng'ombe ya chumvi na haradali kali. Haradali iliwatoa machozi wawili wetu.

Tukamalizia Wentworth Street, katika soko la Petticoat Lane, kwenye maduka ya vitenge. Huko mtu husahau kwamba yuko Uingereza. Mmoja wetu alipenda kitenge cha buluu chenye maua ya manjano. Tukashauriana kwa Kiswahili, bila hata kushusha sauti: "Ghali huyu mzee. Tujifanye tunaondoka, atatuita."

Mzee akajibu bila kuinua macho: "Hapana ita, dada. Yadi sita, bei ile ile."

Tulitamani ardhi ipasuke. Tukamwamkia upya, shikamoo mzee, naye akacheka sana. Alizaliwa Kampala, akaondoka na wazazi wake mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia. Kiswahili alikiokota dukani kwa baba yake, na hapa London hana wa kuzungumza naye.

Tulimwonyesha kwenye simu picha za mtaa ule tulizowahi kupiga kwa ajili ya safu hii. Katika moja aliutambua mlango wake wa bati, wenye mchoro wa rangi.

"Hii mlango yangu," alisema. "Lakini nafungwa."

Ni kweli. Kwa miaka mitatu tumekuwa tukifika jioni, maduka yakiwa yameshafungwa na michoro ya milangoni ikionekana vizuri. Tulipiga picha tukaenda zetu. Siku hii ya kwanza kuingia ndani, dirishani palikuwa na karatasi: bidhaa zote zauzwa, duka linafungwa mwisho wa mwezi. Kodi imempita uwezo.

Ndugu wasomaji, katika safu hii tumezoea kuandika kwamba tumegundua vichochoro vilivyofichika. Mzee yule hakujificha. Alikuwa nyuma ya meza yake kila asubuhi. Tena michoro tunayoisifu huleta wageni, wageni huleta mikahawa ya bei, na kodi hupanda. Hatusemi tuache kutembea. Lakini methali yasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulikuja mara nyingi, mwenyeji akapata nini?

Kwa hiyo tumejiwekea utaratibu mpya. Tutakwenda mchana, maduka yakiwa wazi. Tutasalimia kabla ya kutoa simu. Tutanunua kitu, hata kama ni sambusa moja. Na tutachunga ndimi zetu, maana Kiswahili kina masikio mengi kuliko tunavyodhani.

Kitenge tulikinunua, kwa bei ile ile. Jumapili ijayo tunarudi kwa mzee kabla hajafunga. Tukutane nje ya kituo cha Aldgate East saa nne asubuhi. Walimu wetu, nanyi karibuni: mzee anahitaji wateja, na zaidi ya wateja anahitaji watu wa kuzungumza nao.